Una chuma mwilini?

Karani aliniuliza kazi yangu, nikamwambia mimi ni mwalimu. Hakuniuliza lingine. Aliishika ile fomu, akateremka nayo akitia alama kwenye "hapana", "hapana", "hapana", mkono ukienda kama wa mtu anayepalilia, kisha akaisukuma upande wangu niweke sahihi. Nikaweka. Mimi ninayewagombeza watoto kila muhula kwa kujibu swali kabla ya kulisoma, nikatia sahihi karatasi ambayo sikuisoma hata mstari mmoja.

Hospitali yenyewe iko Kisumu na jina lake nitalimeza. Nilikuwa nimefika nyumbani kwa likizo ya Agosti nikitokea Nakuru, ninakofundisha, na ambako gunia la viazi lilinitegua mgongo nikilishusha kutoka kwenye matatu. Mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi, kutoka pajani hadi kidole gumba. Daktari akasema eksirei ya kawaida itamwonyesha mifupa tu, naye anataka kuona neva na vile vitakia laini vilivyo kati ya pingili. Niende nikapigwe MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku.

Mlangoni nilikutana na dada mmoja mtaalamu wa picha, umri wake kama wa wale niliowafundisha kidato cha nne juzi tu. Akaichukua fomu, akaisoma yote, akaniangalia.

"Mwalimu, haya majibu ni yako au ni ya karani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Una chuma mwilini?"

"Hapana, daktari."

"Risasi? Skrubu za mifupa? Kifaa cha moyo?"

"Hapana."

"Umewahi kuweldi? Kushika grainda? Kupiga patasi?"

"Baba yangu ndiye fundi, yuko pale Kibuye."

"Nimekuuliza wewe."

Hapo ndipo niliponyamaza.

Anayeijua Kibuye, soko letu la Kisumu, anajua kwamba unaisikia kabla hujaiona. Kuna nyundo mia zinazogonga, kila moja na mdundo wake, na mtu aliyekulia pale anaweza kukuambia, akiwa amefumba macho, nani anakunja bati na nani ananyoosha nondo. Kibanda cha baba kilitengeneza majiko, mageti, na masanduku ya shule, yale ya bati yanayopakwa rangi ya samawati. Tangu darasa la sita mpaka namaliza sekondari, kila likizo yangu iliishia pale. Kazi yangu ilikuwa kupasua mapipa ya mafuta yawe mabati. Unaweka patasi kwenye ukingo, unapiga nyundo, unasogeza, unapiga tena. Mchana mzima.

Patasi ya zamani huchanua kichwani. Chuma kinapopigwa miaka nenda miaka rudi, kile kichwa hutanuka na kujikunja pembeni kama uyoga, na zile kingo zilizojikunja ndizo hatari yenyewe. Siku moja ukingo unakatika na kuruka, mdogo kuliko punje ya mtama, kasi yake haina mfano. Watu huogopa cheche za grainda kwa sababu zinaonekana, nazo kweli ni vumbi la chuma linaloungua angani, lakini nyingi zinazofika jichoni huishia kunata kwenye kioo cha jicho, na mtu analia usiku kucha mpaka aende zikatolewe. Ile ya nyundo na patasi hupenya. Tena yaweza kupenya bila maumivu mengi. Mtu anasikia kama ameumwa na mdudu, anapikicha, anaendelea na kazi.

Mimi niliumwa na mdudu huyo nikiwa na miaka 14. Juu ya jicho la kulia. Tone moja la damu, basi. Baba aliacha geti lake, akaniinua kope kwa kidole gumba kilichonuka rangi, akatazama. Kisha akaleta sumaku yake. Ilikuwa ya spika ya redio kubwa iliyokufa, nene kama andazi, na matumizi yake hasa yalikuwa kupima skrapu: wakimletea kitu wakisema ni shaba, anakigusa nayo, ikinata wanarudi nacho. Akaipitisha mbele ya uso wangu, taratibu, mara tatu. Hakikutoka kitu. Mama akaniosha kwa maji ya chumvi, na jioni nilikuwa uwanjani nikicheza mpira. Kesho yake nilisahau. Nilisahau miaka 27.

Yote hayo nilimweleza yule dada nikiwa nimevaa lile gauni la hospitali linalofungwa kwa nyuma, soksi miguuni. Aliufunga mlango wa chumba cha mashine kwa mkono mmoja huku bado ananisikiliza.

Ile mashine ni sumaku, na ni sumaku isiyolala. Wengi hudhani huwashwa mgonjwa akiingia na kuzimwa akitoka kama pasi. Sivyo. Ndani yake kuna nyaya zinazopozwa kwa heliamu iliyogeuzwa kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sufuri, na umeme ukishaanza kuzunguka humo unaendelea kuzunguka, usiku, Jumapili, hata Krismasi. Za kawaida zina nguvu ya tesla 1.5, zaidi ya mara 30,000 ya ile sumaku ya dunia inayogeuza dira. Chuma kilichotulia mwilini miaka kadhaa, kikiingizwa humo, kinataka kujipanga na ile sumaku. Kinajigeuza, kinavutwa. Kikiwa kwenye msuli wa paja, huenda usihisi lolote, kwa maana nyama imeshakijengea ukuta wa kovu. Jicho halina nyama ya kukishikilia. Ndani yake ni ute tu. Mwaka wa 1986 madaktari wa Marekani waliandika habari za fundi mmoja wa mabati wa zamani aliyeingizwa kwenye MRI, na wala si ya nguvu kama hizi za sasa, akatoka jicho moja limevuja damu kwa ndani na kupofuka. Mwenyewe hakujua kama ana chuma. Tangu hapo ndiyo swali hili huulizwa mlangoni.

Na fomu huuliza kazi yako. Mimi ni mwalimu, ni kweli. Lakini hapa kwetu, ni mwalimu gani, karani gani, mchungaji gani ambaye hajawahi kushika nyundo ya mtu akitafuta karo? Kazi ya leo haisemi mikono ilipitia wapi. Lawama yangu kwa yule karani ni hiyo tu: alipiga hesabu ya maisha yangu kwa neno moja.

Nikapelekwa eksirei. Foleni ilikuwa ndefu, nami nikiwa kwenye benchi nikamkumbuka Jaduong'.

Alikuwa jirani wa baba pale Kibuye, akiuza misumari, minyororo na bawaba. Sasa ni marehemu. Alikuwa na bahasha ya kaki, kubwa, aliyoihifadhi ndani ya sanduku la bati alilotengenezewa na baba, na ndani ya bahasha mlikuwa na filamu ya eksirei ya paja lake. Mteja akikaa kidogo tu, filamu inatoka, inainuliwa juani. "Unaona hiyo? Hiyo nyeupe? Hiyo ni ya '69."

Wenyeji wa Kisumu hawahitaji kuambiwa '69 ni nini. Oktoba 25, 1969, Rais Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali mpya ya mkoa, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo mpaka leo, pamoja na kupewa jina la Jaramogi Oginga Odinga, makanga bado wanaiita "Russia". Wakatupiana maneno hadharani yeye na Odinga, kiongozi wa upinzani, umati ukachafuka, risasi zikapigwa. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Mtaani hakuna anayekubali hesabu hiyo. Jaduong' alikuwa kijana wa miaka 17, amekwenda kuona gari la Rais. Alisema risasi iligonga kitu kigumu kwanza ikapasuka, na yeye akapata mabaki. Alipokuja kupigwa picha, miaka mingi baadaye, alipigwa katika hospitali hiyo hiyo. Aliliona hilo kuwa la kuchekesha sana.

Kwenye filamu kulikuwa na madoa matatu meupe, kubwa kuliko yote kama punje ya haragwe, na hilo kubwa lilikuwa limekaa katikati kabisa ya mfupa wa paja. "Imo ndani ya mfupa," alisema. "Mfupa umeimeza." Tuliamini wote. Mpaka siku moja, yeye akiwa amekwenda msalani, mimi na kijana wake tukachungulia bahasha tukakuta filamu ya pili, iliyopigwa kwa ubavu. Lile haragwe lilikuwa nyuma ya mfupa, umbali wa vidole vinne, linaelea kwenye nyama. Halikuugusa mfupa hata kidogo. Aliporudi tulikuwa tumeshairudisha, na hakuna aliyesema neno. Sidhani alikuwa muongo. Daktari alimpa picha mbili, akachagua aliyoipenda.

Kujua kwamba chuma kimo si kujua kilipo, na ni somo ambalo Wamarekani walilipata kwa gharama. Julai 1881 Rais wao James Garfield alipigwa risasi, ikabaki mwilini, na hakuna aliyejua imelala wapi. Madaktari waliitafuta kwa vidole, tena visivyooshwa. Alexander Graham Bell, yule wa simu, akatengeneza chombo cha umeme cha kunusa chuma, akakipitisha juu ya mgonjwa kama baba alivyopitisha sumaku juu yangu. Kilichoharibu ni kwamba godoro la Rais lilikuwa na springi za chuma, na daktari mkuu alimruhusu kutafuta upande wa kulia tu, kwa kuwa ndiko alikokwisha kuamua risasi iliko. Garfield alikufa Septemba 19. Walipompasua waliikuta upande wa kushoto.

Miaka 14 baadaye, Novemba 8, 1895, Wilhelm Conrad Röntgen aliigundua miale ya eksirei katika maabara yake kule Würzburg, Ujerumani. Na jambo ninalolipenda katika historia hii, ambalo sikufundishwa shuleni: miongoni mwa vita vya kwanza kabisa ambavyo majeruhi wake walitafutiwa risasi kwa miale hiyo ni vita vya Adwa. Waethiopia waliwachapa Waitalia Machi 1, 1896, na mwaka huo huo, katika hospitali ya jeshi mjini Napoli, askari waliorudi wakapigwa picha za mikono kutafuta risasi walizorudi nazo kutoka Afrika.

Kwa nini chuma kinang'aa hivyo kwenye picha? Miale hupita mwilini na kupiga upande wa pili, na panapopigwa sana panakuwa peusi. Kinachoizuia zaidi ni ukubwa wa namba ya atomu. Nyama na maji ni haidrojeni, kaboni na oksijeni, vitu vyepesi, 1, 6 na 8 katika ile jedwali iliyobandikwa ukutani mwa kila maabara ya shule. Mfupa una kalsiamu, namba 20. Chuma ni 26, shaba 29, risasi ile ya kuyeyushwa ni 82. Na kuzuia hakupandi kwa ngazi sawa. Namba ikiongezeka mara mbili, kuzuia huongezeka kama mara nane. Ndiyo maana kipande cha chuma hutoka cheupe kikali, chenye kingo, kama tundu lililotobolewa kwenye karatasi nyeusi. Aluminiamu, namba 13, inaweza kujificha. Kijiti cha mti na mwiba wa mchongoma havionekani kabisa. Vitu hivyo huwindwa kwa altrasaundi. Na kwa kuwa tuko Kisumu niseme na hili: mwiba wa samaki ukikukwama kooni, eksirei ikitoka safi usirudi nyumbani ukishangilia. Ile miba mara nyingi haionekani humo, na kipimo cha CT huiona vizuri zaidi.

Zamu yangu ilifika. Nikawekewa kidevu kwenye ubao baridi.

"Mwalimu, usitikise kichwa. Macho tu. Tazama juu, kama unatafuta dari."

Mlio.

"Sasa tazama chini, kama unatafuta viatu."

Mlio mwingine.

Nilidhani ananichezea. Kisha akaniita nyuma ya kioo nione, jambo ambalo si kila mtu hulifanya, na ninamshukuru. Fuvu langu mara mbili, bega kwa bega, na juu ya tundu la jicho la kulia, kitone. Cheupe kuliko meno, cheupe kuliko ile plagi ya jino langu la nyuma. Urefu wake haufiki milimita mbili. Akaweka kalamu kwenye picha ya kwanza, akahamia ya pili.

"Kama kingekuwa ndani ya jicho, ukitazama juu na ukitazama chini kingehama. Jicho likizunguka, nacho kinazunguka. Hiki hakikuhama."

Nilitaka kukaa chini. Akaendelea, kama anayesoma orodha ya sokoni, kwamba hata hivyo hatabahatisha, kwamba nitapigwa CT ya macho, vipande vyembamba, ndipo daktari aseme. Nikauliza kwa nini hatukuanzia huko. Akasema picha mbili za eksirei ni za bei rahisi na mionzi yake ni kidogo, na watu wengi huishia hapo hapo, safi, wakaingia kwenye sumaku wakatoka.

CT ni eksirei inayomzunguka mtu, kisha kompyuta ikampanga vipande vipande kama mkate. Huweka namba kwa kila nukta: maji 0, hewa -1000, mfupa mgumu hufika 1000 na kupita, na chuma huvunja kipimo. Kwenye picha yangu kitone kilitoa miale ya nyota pande zote, mistari myeupe na myeusi. Hiyo ni kelele ya mashine iliyozidiwa, daktari alisema, na kelele hiyo yaweza kuficha mambo. Kati ya mistari alionyesha kilipolala: chini ya ngozi ya nyusi, kimeegemea mfupa. Milimita chache chini zaidi nisingekuwa nikiandika habari za kuchekesha.

Sikuwa nikijua kwamba chuma kingi kinachoonekana kwenye picha huachwa palepale. Nilidhani kuonekana ni kutolewa. La. Kutafuta kipande kwenye nyama kunaweza kuharibu kuliko kipande chenyewe, na Jaduong' alizikwa na haragwe lake. Hutolewa kikiwa jichoni, au karibu na mshipa mkubwa au neva, au kikileta usaha, au kama ni risasi iliyokaa kwenye kiungo, kwa sababu ute wa kiungo huiyeyusha taratibu na sumu yake ikaingia damuni. Changu hakikuwa na kosa lolote ila kuning'inia karibu na jicho la mtu anayehitaji sumaku. Daktari akasema tunaweza kuacha na kutafuta njia nyingine ya kuupima mgongo, au atakitoa, kiko juu juu, dakika 20. Nilichagua kutolewa, na sitajifanya ni kwa ajili ya mgongo. Nilitaka kukiona.

Sindano ya ganzi iliuma kuliko kisu. Alikitoa na kukidondosha kwenye kichupa cha plastiki, kikalia *ti*. Cheusi, kimepinda upande mmoja.

MRI nilipigwa wiki mbili baadaye, na yule dada akaniuliza maswali yote upya kana kwamba hatujawahi kuonana. Kitakia kimoja cha chini kilikuwa kimechomoza na kubana neva. Mazoezi, dawa, na nisiguse viazi. Mguu unarudi polepole.

Siku niliyotoka nilipitia Kibuye. Baba sasa ana miaka 71 na bado anakuja kila siku, ingawa siku hizi anakaa zaidi na kuwaelekeza vijana. Nikampa kichupa. Hakuuliza ni nini. Alikifungua, akamimina kile kipande kwenye kiganja, akanyoosha mkono chini ya meza bila kuangalia, akatoa ile ile sumaku ya spika, imekatika kona moja. Akaishusha. Kabla haijafika, kipande kiliruka kikanata, kikasimama wima.

"Chuma," akasema.

"Ndiyo."

"Na siku ile nilipitisha mara tatu."

"Ulipitisha, Baba."

Akakiangalia kwa muda mrefu. Kijana mmoja nyuma yetu aliwasha grainda, cheche zikamwagika hadi miguuni petu, na baba akafumba macho kidogo kama alivyofanya miaka 50 bila miwani.

"Mimi wakinipiga hiyo picha," alisema, "wataona nyota za usiku."